Moto Usio na Moshi

Nilichoma samaki bandarini Nyamisati miaka kumi na tisa, kwa kuni za mikoko, na moshi wote ule ukahamia kifuani mwangu. Mwaka wa tisini na tatu daktari wa Kibiti aliniambia bila kuzunguka: "Bi Zamda, uache moshi, la sivyo mfungo ujao hutauona." Niache moshi nile nini? Mimi mjane, na kazi nyingine siijui. Nilimjibu hivyo hivyo, nikarudi kwenye kuni zangu.

Mdogo wangu Azan ndiye aliyenitafutia njia. Siku hizo Dar ilikuwa imefurika vitu vya nje, na yeye akaniletea jiko la gesi la kuchomea nje, lenye magurudumu, wavu wa chuma juu na mtungi chini.

"Dada, fungua kifuniko cha jiko kwanza, ndipo ufungue gesi," alinionya. "Ukikosea litalipuka, tutakuja kukuokota Mbwera, ng'ambo ya maji." Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa mtungi, aone kama gesi inavuja. Povu likatulia. Akawasha.

Subhanallah! Moto ulitoka wa buluu, umenyooka mstari mmoja, kimya, bila hata uzi wa moshi. Miaka yote nimegombana na moto, naupepea, naubembeleza, nautukana. Huu nilipogeuza kitufe ulishuka kwa adabu, nikakigeuza tena ukapanda. Nilijiona nimekabidhiwa kitu kikubwa kuliko mimi.

Nikageuka kuwaita wateja. Wote walikuwa wamerudi nyuma. Sijaona, muuza vitumbua wa jirani, alikuwa amejiziba uso kwa kanga.

"Shoga, moto usio na moshi ndio asili ya majini! Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Samaki huyo hatumli!"

Na kweli hawakumla, wiki tatu nzima. Nikawaita wajinga mbele ya macho yao. Lakini kila jioni nilisugua wavu kwa brashi ya waya, na usiku nililala bila kukohoa.

Asubuhi moja moto ukawaka wa njano, unarukaruka, unatema masizi na moshi. Sijaona akapiga vigelegele: "Jini kishatoka!" Wateja wakanijia kama siafu. Kufika adhuhuri samaki wote wamekwisha, nami nimeshikilia nguzo ya kibanda, nakohoa hadi naona giza.

Nikafunga gesi. Jiko lilipopoa nikalichomoa bomba la moto, nikachungulia. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo mle ndani, ikaziba njia ya hewa.

"Usiitoe, Zamda!" Sijaona akalia. "Utakosa wateja!"

"Na pumzi utanipa wewe?" Nikaingiza waya, nikautoa udongo wote. Moto ukarudi buluu, na wateja wakaondoka.

Siku ya tatu Sijaona alimleta Mwalimu Mwinyimvua wa chuo cha Kurani, na nusu ya bandari nyuma yake. Neno moja la Mwalimu lingenirudisha kwenye kuni, na kuni zingenizika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Aliinama, akautazama ule moto kwa muda mrefu, na nikaona naye umemshika. Kisha akasema, "Kama ni jini, mbele ya sura ya Alhamdu hakai. Simama hapo karibu, uisome kwa sauti."

Nikaanza kusoma, na moto haukutikisika. Watu walikuwa wakiutazama wao. Mimi nilikuwa naliogopa lile neno la mwisho la sura, waladh-dhaalliin, lile linalotaka kuvutwa, ambalo kwa miaka sasa kikohozi hunikatia katikati. Nilipolifikia nililivuta, nikalivuta, nikangoja kikohozi. Hakikuja. Nikazidi kulivuta mpaka Mwalimu mwenyewe akainua kichwa kunitazama, na bandari nzima ikaitikia Amin.