"Wacha, Randu!"

Jael alikuwa amekwisha kufika katikati ya ukuta wa timbo, lile shimo la mawe lililotelekezwa nje ya Miritini, ndipo akakiri moyoni kwamba anaogopa. Alipokuwa chini na soda yake mkononi, ukuta ule ulionekana mfupi. Sasa hakuthubutu kutazama chini.

Kamba ilitoka kiunoni mwake, ikapita kwenye pete ya chuma iliyokazwa juu, ikarudi chini mikononi mwa Randu, mwenzake wa ghalani Changamwe. Kazi ya Randu ilikuwa kuivuta polepole kadiri Jael anavyopanda, ili akiteleza asifike chini. Phineas, aliyewaleta kujifunza kupanda mawe, alitaka kwanza wakubaliane maneno ya kuambiana. Wakamcheka. Kwani Kiswahili hawakijui?

Randu alivuta. Akavuta tena, kwa bidii ya mtu anayependa kusifiwa, hadi kamba ikambana Jael mbavu na mguu wake mmoja ukabaki hewani.

"Wacha!" akapiga kelele. "Randu, wacha!"

Alitaka aache kuvuta. Randu akaiachilia kamba.

Jael aliihisi ikilegea. Hakuwa na kinachomshikilia tena ila vidole vyake. Alitaka kuita, akaogopa. Neno alilosema ndilo lililomnyang'anya kamba. Kisha mguu ukateleza.

"Yesu!" Jael akapiga ukelele.

Phineas aliirukia kamba. Mawe yakamchuna Jael shavu, kamba ikamkata kiuno, akabaki ananing'inia karibu kabisa na ardhi.

Aliposhushwa hakuweza kusimama. Viganja vya Phineas vilikuwa vimechubuka, vinatoka damu. Randu alisimama kando.

"Dada Jael, haki ya Mungu, umeniambia niwache."

"Uwache kuvuta!"

"Umesema wacha. Nami nikawacha."

Jael aliitafuta hasira, akaikosa. Randu hakuzembea, wala hakuwa akichezea simu. Alimsikia vizuri, akamtii papo hapo, na utii huo nusura umuue. Hilo lilimtisha kuliko ule ukuta.

Randu alipomnyooshea mkono amwinue, Jael hakuushika.

"Kwanza niambie," alisema huku analia, "nikitaka usiniwache, nisemeje?"

Randu akamgeukia Phineas.

"Kaza," akasema Phineas.

Jael akalirudia. Randu naye akalirudia.