Nafasi ya Kukulia

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mimi napiga pasi. Tunafanyia kazi chumba kimoja cha mbele, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango ili moshi wa mkaa upate pa kutokea. Mgongoni kwake, kazi ikiwepo au isiwepo, yupo Bosi.

Bosi ni binti yake wa miaka tisa. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hatembei, hubebwa, hajilishi, hulishwa, na akinuna, nyumba nzima haikaliki. Shingo yake haina nguvu, mikono hukakamaa, na kuketi peke yake hawezi. Kuongea haongei. Lakini kucheka, anacheka, hasa akinisikia nagombana na mtu. Kaka yangu, baba yake, aliondoka kwenda kutafuta maisha Bosi akiwa bado ananyonya. Nadhani bado anayatafuta.

Mwenye mwana na aeleke, asiye na mwana aeleke jiwe, ndivyo wasemavyo. Mimi sina mwana, na jiwe langu ni pasi ya mkaa. Wifi anaye, na anamweleka mwaka wa tisa sasa. Akimlaza sakafuni, mtoto hukohoa hadi macho yanatoka machozi. Akimwegemeza ukutani, huporomoka kama gunia lililopunguzwa. Kwa hiyo hushona naye mgongoni. Zamani alikuwa anakaa kwenye cherehani mpaka jioni. Siku hizi ikifika adhuhuri husimama, hushika kiuno, hukunja uso, halafu hujifanya anatafuta mkasi. Mkasi uko pale pale mezani. Namwona, nanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu.

Kila mzazi huomba mtoto wake akue. Wifi naye huomba, ingawa kila kidole Bosi anachorefuka, uzito wake unatua mgongoni kwa mama.

Basi shule ya msingi ya mtaani kwetu ikatenga darasa la watoto kama Bosi. Mwalimu wake, dada mmoja mpole, alituambia bila kuzunguka mbuyu: mtoto atampokea kwa mikono miwili, ila yeye yuko peke yake na watoto ni wengi, hana wa kumshika mmoja asianguke. Kila mtoto asiyeweza kuketi aje na kiti chake, kitakachomshika wima asubuhi nzima. Bila kiti, asubiri mwakani. Darasa lile maana yake ni mgongo kupumzika mpaka mchana. Na Bosi angetazama nyuso za watoto wenzake, badala ya kisogo cha mama yake.

Kuna karakana inayotengeneza viti vya watoto wenye ulemavu, kila kiti kwa vipimo vya mtoto mmoja. Hawatozi kitu, lakini foleni yake ni ya kuotea mvi; bahati sisi tulijiandikisha siku nyingi. Zamu yetu ilipofika, fundi wa viti alikuwa aje kupima mwenyewe, mvua ikakata barabara. Akapiga simu. Aliposikia wifi anashona nguo, akachangamka.

"Basi mama, tepu ya kupimia unayo. Nipimie wewe."

Nilimshika Bosi, wifi akapima: nyonga, paja, goti hadi kisigino, makalio hadi kwapa. Wake wa wakubwa wamesimama mbele yake, hakuwapima kwa adabu ile. Bosi alitekenywa na tepu akacheka mpaka nikashindwa kumshika sawasawa. Wifi alifunga macho akahesabu kimoyomoyo, kama afanyavyo kila siku, ndipo akamtajia fundi vipimo kwenye simu. Sikuona la ajabu.

Kiti kilifika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Cha mbao na chuma, rangi ya bluu, magurudumu mawili makubwa nyuma, mikanda ya kifuani, na kibao cha kukanyagia. Majirani walijaa mlangoni. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Fundi wa viti alimpokea Bosi akamketisha. Bosi akazama. Miguu ilining'inia bila kufika kwenye kibao, mwili ukaelemea upande, kisha ukaanza kuteleza chini taratibu, na mkanda wa kifua ukapanda, ukapanda, ukafika kooni. Fundi alimdaka haraka.

"Mama, vipimo ulichukua wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kuna ulichoongeza?"

"Kidogo tu," wifi alisema. "Kama sare za shule. Mtoto anakua, fundi. Ukimshonea ya kumtosha leo, mwakani utalia."

Si uongo. Nguo ya kumtosha mtoto ni ya wenye nazo. Huku kwetu mikono hufunika vidole, na pindo hukunjwa pana kwa ndani ili mwakani lishushwe. Wifi ameacha nafasi ya kukulia kwa watoto wa mtaa mzima. Sasa amepata kumpimia wake kitu cha kwendea shule, amwache yeye tu bila nafasi?

"Kiti si gauni, mama," fundi alisema, kwa upole uliouma kuliko matusi. "Hiki kinatakiwa kimbane. Kikimpwaya anateleza, akiteleza mkanda unamkaba. Nimeshaona mtoto amekabwa. Sitaki kuona mwingine."

Akaeleza kwamba lazima akirudishe. Kulikuwa na mvulana mkubwa kidogo, ng'ambo ya mji, ambaye kingemfaa vile vile kilivyo. Cha Bosi kingetengenezwa upya, zamu yake ikifika tena. Hakusema lini, na sisi hatukuuliza, kwa sababu jibu tulilijua.

"Niachie mpaka Jumapili," wifi alimsihi. "Nitakijaza. Vitambaa ndiyo kazi yangu."

Fundi alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda alidhani mimi ndiye mwenye akili. Nikasema, "Mwachie." Akamwachia, kwa sharti kwamba Bosi asiketishwe bila mtu kumshika.

Wifi alishona mito kwa mabaki ya vitambaa. Mito ikabonyea. Akashona migumu zaidi, ikahama huku na huku, Bosi akapita katikati yake kama maji. Jumamosi akaacha mito akashika sare. Alikuwa ameshaishona sare ya Bosi, pindo pana kama kawaida. Sasa akaifumua na kuitia sifongo ndani, kiunoni, mgongoni, mapajani.

"Wifi, huyo unamshonea sare au godoro?"

Mashine iliendelea kulia.

Jumapili fundi wa viti alimkuta Bosi ameketi. Amenenepa ghafla, mashavu yale yale lakini mwili wa mtoto wa tajiri. Alikaa wima, hakuteleza. Fundi akavuta mikanda, akatikisa kiti, akatabasamu. "Afadhali. Kweli wewe fundi." Akatoa spana akainama kukaza kibao cha miguu. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono ameikumbatia kifuani, hapumui.

Nami furaha ikanipanda kichwani. "Fundi, ukiikaza hiyo nati kama ulivyoukaza uso wako siku ile, itavunjika!"

"Dada, uso ndivyo nilivyozaliwa nao!"

"Basi mamako ana kesi ya kujibu!"

Kwa maneno kama hayo Bosi huangua kicheko. Nilimgeukia kukingoja. Mdomo wake ulikuwa wazi, jasho linamchirizika kutoka kwenye nywele, na macho yananitazama mimi, halafu mama yake. Kifua kilikuwa kinajaribu kupanda ndani ya zile sifongo na hakipati pa kwenda. Kicheko kilikuwepo ila hakikuwa na njia.

Fundi hakuona, alikuwa ameinama kwenye nati. Mimi niliona, na Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilitamani wifi asione.

Aliona. Alizunguka mbele, akapiga magoti, akafungua mkanda, kisha vifungo vya sare kimoja kimoja. Sifongo zilianguka sakafuni. Mbavu za Bosi zilikuwa nyembamba kama siku zote, zimelowa. Akavuta pumzi ndefu, na pumzi ilipotoka, ilitoka na kicheko kile cha zamani, cha mamake fundi kuwa na kesi.

"Chukua kiti," wifi alisema bila kumtazama fundi. "Kampe huyo mvulana. Na hii mito chukua, labda na yeye kitampwaya."

Fundi akawa anatafuta spana chini ya meza. Spana alikuwa ameishika mkononi. Mimi nililia kwa sauti, wala sioni haya kusema.

Jumatatu watoto wa mtaa walipita mlangoni kwetu na sare mpya, wifi amezishona, mimi nimezipiga pasi, mikono imefunika vidole. Wifi akaniletea sare ya Bosi, amekwisha kuirudisha ilivyokuwa.

"Ipige pasi."

"Ya kwenda wapi, wifi?"

"Hadi getini. Akawaone wenzake wanavyoingia, halafu turudi kazini."

Nikaipiga. Pasi ilikwama kwenye pindo, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili. Nikaona lingekaa vizuri likipunguzwa, lakini nikaliacha pana, nikalipiga pasi hivyo hivyo.

Tulimvisha. Wifi akainama, nikamwinua Bosi nikamweka mgongoni, tukazungusha mbeleko. Zamani visigino vyake viliishia nyongani kwa mama yake. Sasa vilikuwa vinagonga karibu na magoti.

"Amekua," nilisema, nikijua nasema jambo jema.

"Najua, wifi," alisema, akikaza fundo. "Nampima kila siku."

Kisha akashika kizingiti, akanyanyuka, tukatoka.