Kochi la Mkurugenzi

Mkono wa Mzee Springi uliingia ndani ya tumbo la kochi hadi kwenye kiwiko, ukatoka na mkono mwingine.

Ulikuwa mkono wa sweta, mdogo, wa kijani, wa mtoto wa miaka minne hivi. Aliuvuta. Sweta zima likafuata, likinuka vumbi na mkojo wa panya. Akalitupa sakafuni, akajipangusa vidole kwenye aproni. Katika kazi yake ya kutengeneza makochi ya watu alikwisha kukutana na mengi humo ndani: vijiko, nywele, meno ya bandia, mende wa vizazi vitatu, hata picha ya harusi iliyochanwa katikati. Alikuwa na msemo wake, kwamba ukitaka kuijua nyumba usiulize majirani, pasua kochi. Na mafundi wenzake wezi aliwajua pia, wale wanaoagizwa sponji wakajaza matambara. Kwa hiyo matambara hayakumshangaza.

Kilichomshangaza ni vifungo.

Sweta lilikuwa na vifungo vitatu, kila kimoja kimevalishwa kitambaa chake: cha maua mekundu, cha mistari, cha mahameli ya bluu iliyofifia. Akavisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kile cha maua kilitokana na kiti cha kinyozi wa mtaa wa pili. Mahameli ilikuwa ya kochi la daktari aliyehama. Alivijua kwa sababu alivivalisha mwenyewe, kwa mabaki ya kazi, mkewe ameketi mbele yake anafuma na kumwambia, "Ongeza kingine bwana, huyu wa vifungo viwili atapigwa na upepo kifuani."

Akaingiza mikono yote miwili. Yakatoka la njano, la kahawia, la zambarau, yamekandamizwa mpaka yakashikana. Mengine yalikuwa bado yamefungwa mawili mawili kwa uzi mwekundu, kama mkewe alivyokuwa akiyafunga kabla ya kuyapeleka kwenye makao ya watoto. Uzi haukuwa umefunguliwa na mtu.

Mzee Springi alitoka nje, akashika ukuta, akatema mate. Akatema tena.

Kochi lilikuwa la Mkurugenzi wa makao hayohayo. Lililetwa jana yake na vijana wawili wenye haraka, pamoja na salamu: Mzee wetu alivalishe upya, kwa kuwa kesho kutwa ndilo atakaloketi yeye mwenyewe, mbele ya wageni na wapiga picha, akitia saini wasia. Malipo hayakutajwa. Mtu wa nyumbani hadai.

Wasia wenyewe ulikuwa rahisi. Siku Mzee Springi atakapofumba macho, nyumba yake, karakana yake ya mbele na kiwanja cha nyuma vitakuwa mali ya makao ya watoto. Neno hilo lilikuwa la mkewe. Hawakujaliwa mtoto, na watu walipomrushia ile methali, asiye na mwana aeleke jiwe, mwanamke yule alicheka akasema jiwe ni zito, yeye ataeleka uzi. Akafuma miaka yote ya ndoa yao. Alipolala kitandani mara ya mwisho, kifua kikipiga filimbi, alimshika mumewe kidole kimoja tu, maana nguvu ya mkono mzima haikuwepo. "Nyumba wape wale watoto," alisema. "Wasikae kwenye baridi." Na mumewe akasema ndiyo.

Tangu siku ile Mkurugenzi alikuwa hachezi mbali. Alikuja na machungwa, alikuja na dawa ya kusugua magoti, akamvisha mzee kilemba cha ukoka mpaka shingo ikamuuma. "Baba, presha vipi? Baba, kikohozi hicho umekionyesha hospitali?" Aliuliza kwa sauti ya huruma, na macho yake yakapanda taratibu ukutani kukagua nyufa. Kufa kufaana, Mzee Springi aliwaza kila mara, na kila mara akajisuta. Amfikirie vipi vibaya mwanamke aliyelea watoto wasio wake? Machungwa aliyala. Sasa, akiwa ameshika ukuta, aliyakumbuka yote, akainama akatapika.

Mpwa wake alimkuta hapohapo. Alikuwa dereva wa lori, mtoto wa marehemu dada yake, na tangu aliposikia habari za wasia alikuwa akipita karibu kila juma kumjulia hali.

"Shikamoo, mjomba. Mbona unatapika? Umekula nini?"

"Marahaba. Nimekula machungwa."

Mpwa aliingia karakanani, akainua sweta moja kwa ncha za vidole viwili. "Haya si ya marehemu?"

Mpwa alilitazama kochi lililopasuliwa, akayatazama masweta yaliyoenea sakafuni, na alipoelewa, aibu iliyoje, uso wake ukang'aa.

"Si nilikwambia, mjomba? Si nilisema? Hao watu ni fisi! Mungu amekufumbua macho mapema. Damu nzito kuliko maji, mimi sina la ziada." Alikuwa keshatupa sweta, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Hapa ukibomoa huu wa kati, unapata vyumba sita vya kupangisha. Nyuma kule tunaweka baa ndogo."

"Nani anaweka?"

"Yaani baadaye, mjomba. Mungu akupe umri."

"Amenipa. Ndiyo maana nakusikia. Nipishe mwanga, nafanya kazi."

Mpwa aliondoka akicheka, amesahau kuaga. Mzee Springi aliketi kwenye kigoda chake. Huku kuna mtu anayesubiri afe ili aweke baa, kule kuna mtu anayekalia nguo za watoto kwa makalio yake. Na katikati yuko yeye, na neno ndiyo alilolitamka kwa mtu ambaye hawezi tena kumwomba amwachilie. Alijiona mchafu, kana kwamba ile harufu ya panya ilitoka kwake.

Halafu akainuka, akawasha jiko, akachemsha maji, akayafua masweta. Akayaanika kwenye kamba akayageuza mpaka upepo wa mchana ukayakausha. Kitambaa cha dhahabu alichotumiwa na Mkurugenzi alikiacha kimekunjwa palepale. Akachukua sindano iliyopinda na uzi wa katani, na sweta baada ya sweta, bega kwa bega, akalivalisha kochi. Alishona kama asemaye na mtu. Mikono yote aliiacha ikining'inia.

Asubuhi ya sherehe ilikuwa na ukungu. Watoto walipangwa mistari kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji, wamevaa sare za mikono mifupi, wakiimba wimbo wa kuwashukuru wafadhili huku kamasi zikiwashuka. Wageni walikaa viti vya mbele na makoti yao. Kochi liliwekwa jukwaani, limefunikwa shuka. Mkurugenzi, ambaye hakuwa amechungulia, alishika pindo la shuka, akatabasamia kamera, akavuta.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee Springi alisubiri ukimya ule ufanye kazi yake. Aliusubiri tangu jana. Alitaka kumwona yule mwanamke akitafuta pa kuficha uso.

Mkurugenzi alitazama masweta, akamtazama mzee, akameza mate mara moja tu. Kisha akapiga makofi.

"Jamani, fundi wetu ni msanii!" alisema. "Hii ni kumbukumbu ya marehemu mkewe, mama aliyewafumia watoto wetu. Mpigieni!"

Wakapiga makofi. Mgeni mmoja alifuta jicho. Wapiga picha walipiga magoti. Mkurugenzi akaketi katikati ya kochi, juu ya la njano na la zambarau, akapapasa nafasi iliyo kando yake. "Njoo, baba. Keti tutie saini."

Mzee Springi alimwinamia. "Haya nimeyatoa humu ndani," alisema. "Hakuna mtoto aliyeyavaa."

"Yalikuwa mengi, mzee wangu," alinong'ona yule mama, tabasamu likiwa palepale kwa ajili ya kamera. "Watoto walikuwa wameletewa majaketi. Fundi wa kwanza akaomba kitu cha kujazia. Hayakutupwa, baba. Yalitumika."

"Hayo majaketi yako wapi?"

"Stoo. Yasichakae."

Yalitumika. Wakili, kijana mpole mwenye tai iliyomkaba, alikuwa ameshasogeza meza ndogo, ameilainisha hati kwa kiganja, ananyoosha kalamu. "Hapa chini, mzee, penye mstari."

Mzee Springi aliipokea kalamu. Aliwaza kuirudisha na kwenda zake. Angefika nyumbani, na mpwa angekuwa amekaa kizingitini anachora baa. Aliwaza kutia saini na kufa, yaishe.

Ndipo aliposikia kitu kinavuta nyuma ya kochi.

Msichana mdogo wa mstari wa mwisho alikuwa amechepuka kwenye wimbo. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, amepitisha mkono wake ndani ya mkono wa lile sweta la kijani hadi begani, na shavu amelilaza juu ya sufu. Alipoona anatazamwa alishtuka, akajaribu kuutoa mkono, ukakwama kwenye mshono. Akaanza kulia bila sauti, kama walivyozoea watoto wa pale.

"Usiogope," alisema Mzee Springi. "Mshono ni wangu."

Aliirudisha kalamu kwa wakili. "Nishikie kwanza, mwanangu," akamwambia, akachutama, magoti yakalia. Kutoka mfuko wa shati alitoa kiwembe chake cha kufumulia, akaanza kukata nyuzi za bega, moja baada ya nyingine, akizivuta zitoke nzima ili sufu isikatike.

"Baba, unaharibu kochi!" Mkurugenzi alisema, bado ameketi, bado anatabasamu. "Wageni wanangoja!"

Uzi wa mwisho ulikatika. Sweta lilibanduka, na mzee akamvisha mtoto mkono wa pili, akafunga kifungo cha maua, cha mistari, cha mahameli. Likamfika mapajani. Wimbo ulikuwa umekufa wenyewe, hakuna aliyeunyamazisha. Nyuma ya msichana alikuwa amesimama mtoto mwingine, amejikumbatia, na nyuma yake mwingine, na mistari yote ilikuwa inalegea ikija upande ule.

Mzee alisogea kwa magoti hadi mbele ya kochi, kiwembe mkononi.

"Inuka, mama," alisema bila kuyaondoa macho kwenye nyuzi. "Umekalia la mwenzake."

Mezani wakili aliifunika kalamu, akafikiri, akaifunua tena.