Kola ya Sambu

Ng'ombe wangu Sambu alipotea Jumatatu. Mtu mmoja tu duniani alijua yuko wapi, na mtu huyo alikataa kuniambia.

Ni Dokta Clemensi wa chuo kikuu. Mwaka juzi alikuja kwetu Piyaya, akawavisha ng'ombe ishirini wa kijiji kola shingoni, kila kola ina kidude kinachotuma habari ng'ombe alipo, kila saa moja. Alitaka kujua ng'ombe wanakwenda wapi kutafuta majani. Ningemwambia bure, lakini aliona kidude kinaaminika kuliko mimi. Nikasaini karatasi, nikapewa mfuko wa chumvi ya mifugo, Sambu akavaa kola.

Ukame uliniachia ng'ombe saba. Sita walikuwa hawana maziwa. Sambu, yule wa madoa, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mke wangu Resiato alikuwa ameshaanza kufukiza vibuyu akisubiri maziwa. Kwa hiyo mtu asiniambie alikuwa ng'ombe tu.

Mimi na mdogo wangu Senteu tulimtafuta Jumanne yote. Jumatano asubuhi nikampigia Dokta simu.

"Mzee Parmuat," akasema, "hilo si jambo la simu. Niko Karatu kwenye warsha. Njoo."

Nikapanda pikipiki mpaka Malambo, gari la mzigo mpaka Mto wa Mbu, Hiace mpaka Karatu. Alhamisi asubuhi nikaingia ukumbi wa hoteli. Ukutani palikuwa na bango refu kuliko zizi langu: UTAYARI WA WATAFITI KUTOA DATA WAZI KWA WOTE. Niliacha shule darasa la nne, lakini hayo niliyaelewa, nikafurahi. Nikajua nimefika mahali penyewe.

Mle ndani walikuwa watafiti kama arobaini, wanajaza dodoso. Mwenye warsha, mama mmoja anaitwa Bernadina, akauliza kwa kipaza sauti, "Nani yuko tayari kutoa data zake wazi?"

Mikono yote ikapanda. Dokta Clemensi alinyanyua yote miwili.

Na mimi nikanyanyua fimbo. "Mimi niko tayari kupokea!"

Wakanipigia makofi. Bernadina akasema hilo lilikuwa pengo kubwa kwenye utafiti wao, akaliandika.

Wakati wa chai Dokta alinipeleka pembeni, akafungua kompyuta. Niliona nukta, nyingi zimekusanyika, moja imekaa peke yake. Akaigeuza kompyuta haraka.

"Ni yeye?"

"Ipo nukta, mzee. Siwezi kusema ni ya ng'ombe wa nani. Tumeficha majina ya wenye ng'ombe. Ni maadili ya utafiti, tunawalinda."

"Mnawalinda na nani?"

"Na mtu yeyote anayetaka kujua ng'ombe wao wako wapi."

"Mwenye ng'ombe ni mimi!"

"Ndiyo maana nakulinda wewe."

Nikamwambia, "Wewe si umenyanyua mikono miwili sasa hivi?"

"Niko tayari kabisa. Kwenye dodoso nimejipa tano kwa tano. Utayari ninao, kutoa ndiyo bado. Makala yangu ikichapishwa, dunia nzima itaona. Leo nikikuonyesha wewe, kesho mtu wa chuo kingine ataandika kabla yangu."

"Atajuaje? Mimi nitamwambia Resiato na Senteu."

"Ndivyo inavyoanza," akasema, akauma andazi.

Bernadina alipita na kikombe chake, nikamweleza shida yangu. Iligusa moyo wake kweli. Akaniuliza umri, akaniuliza kwa kipimo cha moja hadi tano nimekwazika kiasi gani. Nikasema kumi na nane. Akasema kipimo hakifiki huko. Halafu akaninong'oneza, "Baba, kabla ya kuchapishwa, data hupewa washirika tu. Mtu mwenye uhusiano rasmi na mtafiti."

Hapo nikaona njia. Kwetu Wamaasai, mtu akimpa mwenzake ng'ombe hawaitani tena majina. Wanaitana Pakiteng', mpaka kaburini, na hawanyimani kitu. Sijui uhusiano rasmi kuliko huo.

Nikaenda mbele, nikashika kipaza sauti.

"Dokta Clemensi, mbele ya watu hawa nakupa Sambu. Atakaa zizini kwangu, maziwa yatakuwa ya Resiato, lakini ng'ombe ni wako. Kuanzia sasa wewe ni Pakiteng' wangu. Haya, mwenye ng'ombe, jionyeshe ng'ombe wako yuko wapi, twende tukamchukue."

Ukumbi ulisimama. Dokta alilia. Alinikumbatia akaniita Pakiteng', na alilitamka vizuri kabisa. Kisha akaenda kwenye meza yake akafunga kompyuta.

"Mbona unafunga?"

"Pakiteng', sasa nina ng'ombe wangu ndani ya utafiti wangu. Huo ni mgongano wa maslahi. Hata mimi siruhusiwi kuangalia mpaka kamati ya chuo ikae."

"Inakaa lini?"

"Kila baada ya miezi mitatu. Imekaa wiki iliyopita."

"Basi nirudishie ng'ombe, tuwe kama asubuhi."

Akaniangalia kwa huruma. "Zawadi ya ng'ombe inarudishwa kwenu?"

Hairudishwi. Yeye mwenyewe alishaandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, na mimi ndiye niliyemweleza.

Nilipewa cheti cha kushiriki warsha na chakula cha mchana kwenye boksi. Nikarudi Piyaya, tukaendelea kutafuta kwa macho na kwa nyayo, mpaka Senteu akaanza kuchechemea.

Baada ya miezi minane Dokta alipiga simu, furaha tupu. "Pakiteng'! Imetoka! Iko wazi, bure, mtu yeyote aangalie!"

Mwalimu wa shule yetu aliifungua kwenye simu yake. Majina hayakuwapo, lakini nukta iliyokaa peke yake tuliiona. Ilikuwa ndani ya korongo nyuma ya kilima chetu, mdomo wake umefunikwa na vichaka vya miiba, upepo wa huko haupitishi sauti. Mwalimu akanisomea saa kwa saa. Sambu alitumbukia Jumatatu mchana. Alizunguka mle chini, penye kidimbwi cha maji ya mvua, anakwenda na kurudi, siku kumi na moja. Baada ya hapo nukta haikusogea tena.

Mimi na Senteu tulikwenda siku hiyohiyo. Tulikuta mifupa, mikubwa na midogo, na kola ikiwa bado inafanya kazi.

Hesabu ni hii. Kutoka zizini kwangu mpaka kwenye korongo ni mwendo wa nusu saa. Siku alizoishi Sambu baada ya mimi kusimama mbele ya ile kompyuta ni saba. Ng'ombe mmoja, na ndama mmoja, jike au dume sikuweza kujua. Vibuyu vinne vilivyofukizwa, vikavu. Cheti kimoja. Pakiteng' mmoja, ambaye naye hairuhusiwi kumrudisha.