Kimya cha Chini ya Ardhi

Manyara ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa mkoa Renatus, mwanafizikia, aliporudi kijijini Gehandu kutoka ng'ambo kumzika mama yake. Baada ya matanga, baba yake, mzee Bura, alimuuliza anachimba nini kwenye mgodi wa Wazungu.

"Sichimbi, baba. Tunajificha chini ya mwamba, mbali na kelele za mionzi ya angani, tukisubiri maada isiyoonekana iguse mtambo wetu."

"Imegusa?"

"Bado. Kimya tu."

Mzee akampeleka kwenye shimo la nyumba ya kale, iliyochimbwa chini ili wavamizi wasiwaone mababu na ng'ombe wao.

"Hata hawa walisikiliza kimya. Hakikuwaambia kama adui ameondoka au amesimama juu ya paa."

"Sasa walijuaje?"

"Mmoja alitangulia kutoka," alisema mzee, macho yakiwa kwenye kaburi jipya la mkewe. "Waliobaki waliendelea kusikiliza kama atawaita."