Kikosi Hakipandi Lori

Barua ya kamati ilijaa heshima, na heshima hizo ndizo zilizoniudhi. Ilisema kwamba parokia yetu ya Malaika Rafaeli itatimiza miaka mia moja mwezi Agosti. Kwamba sisi wazee wa kikosi cha ngoma na tarumbeta tunaombwa kupiga katika maandamano. Na kwamba, kwa kuzingatia umri wetu, tumeandaliwa lori la wazi lenye viti kumi na vinane, turubai la kivuli na maji ya kunywa.

Niliisoma mara mbili jikoni, nikaikunja, nikavaa koti, nikaenda ukumbini.

Mwenyekiti wa kamati ni Denise Couto. Namjua tangu siku aliyobatizwa, alipomtapikia padri maziwa.

"Mjomba Adelino, karibu! Umepata barua?"

"Nimeipata. Lori lirudi lilikotoka."

Akacheka, akidhani natania. "Mjomba, mko kumi na wanane. Kijana wenu ana miaka sabini na mitatu. Bwana Bettencourt ana mashine ya moyo kifuani."

"Afadhali mashine. Gil Bettencourt aliipiga ngoma miaka tisa na hakuna siku ambayo hakuharakisha mapigo akatuacha nyuma. Sasa angalau kuna kitu kinachomshikia mapigo."

"Na mtu akianguka?"

"Tunampita tunaendelea. Ndivyo tulivyofundishwa."

Denise aliweka kalamu chini akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Haya. Waulize wenzako, mmoja mmoja. Wote kumi na wanane wakikubali, mtatembea. Mmoja tu akitaka kiti, nyote mnapanda. Sitaki kikosi nusu chini, nusu juu, kama watu wanaohama nyumba."

"Nimekubali," nikasema. "Nitakuletea majina Jumapili."

Kutoka ngazi za kanisa hadi bustani iliyo juu ya mto ni hatua elfu moja na mia mbili. Nilizihesabu siku hiyohiyo nikirudi nyumbani, kwa mwendo wa kikosi, na watu wa Mtaa wa Columbia wakanisalimu kwa wasiwasi.

Wanaotuona leo hudhani tulikuwa watoto wa bendi, wa kuvaa kofia zenye shungi na kuchekesha akina mama. Hawajui kazi ile. Siku zile hukupewa alama kwa uzuri. Ulianza na mia moja, kisha ukanyang'anywa. Waamuzi walitembea katikati yetu, ubao mkononi, mmoja akichuchumaa kando ya ngoma kama daktari anayesikiliza tumbo, na kila kosa likawa kistari kimoja, na kila kistari sehemu ya kumi ya alama. Kabla ya kupiga tulikaguliwa: vifungo, kucha, viatu. Bastola ililia, ukavuka mstari wa kuanzia. Na mwisho wa mashindano vikosi vyote vilirudi uwanjani kusikiliza matokeo, kuanzia wa mwisho hadi bingwa, na ulisimama mguu sawa bila kupepesa jicho, uwe umeshinda au umezikwa.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Lomba, fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha pamba. Alitufundisha katika uwanja wa nyuma ya kiwanda, vijana sitini, wengi wetu wazazi wetu wametoka Azores, visiwa vya Ureno, wakiwa na sanduku moja. Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ndiyo iliyotuingia kwenye mifupa: "Kilichoanguka kimekufa, na uwanjani hatuziki." Kikianguka kijiti cha ngoma, ikianguka kofia, usiiname, usitazame chini, songa mbele.

Mwaka 1961, katika fainali ya jimbo, mjini Lynn, kilichoanguka kilikuwa kiatu changu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Siku moja kabla, soli ya kiatu changu cha kushoto ilipasuka mdomo kama samaki. Kwenye ukaguzi hicho ni kistari kimoja, hakikosi. Kaka yangu Urbano alikuwa na viatu vya jeshi, vinang'aa hadi unajiona meno, ila vilinizidi saizi mbili. Nikavijaza gazeti. Mkaguzi akapita mbele yangu, akatazama chini, akapita. Hakuna kistari. Nikajiona mjanja wa dunia.

Adhuhuri ikanyesha mvua. Katika wimbo wa tatu kulikuwa na kugeuka kwa haraka, na nilipogeuka mimi, kiatu cha Urbano hakikugeuka. Tope lilikishika. Nilisikia baridi kwenye kidole gumba, nikajua.

Sikutazama chini. Nilipiga tarumbeta na kutembea dakika sita nikiwa na soksi moja, kwenye tope na baadaye kwenye changarawe ya pembeni. Mwamuzi wa adhabu alisimama kando ya kiatu kama polisi kando ya maiti, akaandika. Chochote kilichoanguka, nusu alama.

Makadeti wa Harlow, wavulana wa upande wa Boston waliokuja na mabasi mawili mapya na kutuita Wareno wa pamba, walipata themanini na nne nukta tatu. Sisi themanini na nne nukta moja. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko sala zangu. Ningekuja na kiatu changu kilichopasuka ningepoteza kistari kimoja, na tungekuwa mabingwa kwa vistari viwili.

Nilisimama mguu sawa kwenye matokeo, soksi ikitoka damu, nikitazama mbele.

Ndani ya basi la kurudi hakuna aliyesema neno hadi tulipofika mji wa Taunton. Ndipo Serafim Pacheco, mpiga tarumbeta wetu wa nyimbo za peke yake, ambaye mchana huo alipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake, akageuka kwenye kiti cha mbele akanitazama.

"Kiatu," akasema. Neno hilo moja tu.

Kwa miaka sitini na miwili hilo ndilo jina langu. Niliitwa Kiatu siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe. Nilipopokea cheti cha sekondari nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya miaka mitano ya shule ya jioni, mtu fulani nyuma ya ukumbi alipaza sauti, "Hongera, Kiatu!" Namjua ni nani. Ana tarumbeta.

Basi niliwazungukia wenzangu. Gil Bettencourt alikubali kabla sijamaliza kusema. Horácio Rego alisema goti lake linakataa, lakini goti halina kura. Mmoja alikubali kwa simu kutoka kitanda cha hospitali na kuwauliza wauguzi kama wanajua anaongea na nani. Hadi Jumamosi nilikuwa na kumi na saba, nikiwemo mimi.

Alibaki Serafim. Nilimwacha wa mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyoacha jino linalouma.

Nilimkuta barazani kwake anakatakata sukuma wiki ya supu, nyembamba kama nywele, jinsi mama yake alivyokuwa akikata.

"Kumi na saba wamekubali kutembea," nikamwambia.

"Basi mimi ni wa kumi na nane, na napenda viti."

"Miguu yako ina nini?"

"Miguu haina neno. Jana nimepanda juu ya paa." Akagonga mdomo wake wa juu kwa kucha. "Ni haya meno ya bandia, ya daktari. Nikipiga nimekaa nayatuliza. Nikipiga natembea, kila hatua yanacheza dansi humu ndani. Sasa nikiikosa ile sauti ya juu, mbele ya mji mzima wa Fall River?"

"Utakuwa umeikosa."

"Nitaitwa jina, Kiatu. Na wewe unajua majina ya mji huu hayafi."

"Wewe unaniambia mimi hayo? Aliyenibatiza ni nani?"

Akakata majani kidogo bila kunitazama. "Ilikuwa siku yangu ile," akasema. "Mama alikuwa kwenye jukwaa la watazamaji. Alishona bendera ya kutupokelea, imeandikwa mabingwa. Aliikunja akaiweka kabatini na hakuitoa tena. Na wewe hujawahi kuniomba radhi hata siku moja."

Sikujua habari za bendera. Nilikaa kwenye ngazi.

"Kuazima viatu lilikuwa kosa," nikasema. "Hilo naliomba radhi, hapa, leo. Kwako na kwa mama yako. Lakini kuendelea kutembea, Serafim, sitaliombea radhi hata kwa Mungu. Wewe ulikuwa hatua nne mbele yangu. Ningesimama, wa nyuma angenigonga, mstari ungevunjika, nawe ungepiga wimbo wako katikati ya fujo. Ulipiga vile kwa sababu nyuma yako hakuna aliyesimama."

Aliweka kisu chini.

"Mkaidi wee," akasema.

"Nipe jibu nimpelekee Denise."

"Tunaanza na mguu gani? Nimesahau."

"Kushoto, mpumbavu wee!"

"Haya, haya. Usipige kelele, majirani watadhani umevua viatu."

Tulifanya mazoezi Jumamosi kumi, nyuma ya kiwanda kilekile, ambacho sasa ni maghala. Siku ya sherehe tulisimama chini ya ngazi za kanisa kwa safu tatu za watu sita. Denise alitimiza ahadi, ila lori hakulirudisha. Aliliweka nyuma yetu, dereva wa kamati, Duarte, akiwa kwenye usukani, viti kumi na vinane vitupu vikiwa vimefungwa kamba. "La dharura tu, Mjomba," akasema. Nilikuwa nakagua viatu.

Nilikuwa nimeomba bastola ya kuanzia, polisi walikataa. Kwa hiyo Denise aliujaza pumzi mfuko wa karatasi uliokuwa na mkate mtamu, akaupasua kwa kiganja. Mbele, tembea!

Nawaambia ukweli, hatua mia mbili za kwanza nilifikiri tutakufa. Gil alikuwa mbele ya mapigo, mashine au sio mashine. Kisha miguu ikakumbuka yenyewe. Mistari ikanyooka. Bibi mmoja dirishani akaanza kulia na kupiga sufuria. Kila nilipokata kona nililiona lori kwa ukingo wa jicho, likijikokota nyuma yetu kama fisi anayefuata kundi, na kila mara nilipandisha goti juu zaidi.

Hatua ya mia saba ndipo mawe ya Mtaa wa Columbia yanapoanza, na ndipo wimbo wa Serafim. Alitoka mbele ya safu, akainua tarumbeta. Ile sauti ya juu aliipata. Hakuifikia kwa kupapasa. Aliiweka pale juu ya mapaa akaiacha ikae. Kisha, kama tulivyofundishwa, akaishusha tarumbeta kwa mkato mmoja mkali hadi ubavuni.

Meno ya juu yakaifuata. Yalitoka mdomoni, yakagonga jiwe, yakaruka, yakatulia katikati ya barabara yakicheka mawingu.

Nilikuwa hatua nne nyuma yake. Sikutazama chini. Hakuna aliyetazama chini. Yalipita kati ya mguu wangu na wa Horácio, na hakuna aliyefupisha hatua. Serafim alirudi kwenye safu pembeni yangu akitembea shingo imenyooka, mdomo umezama. Wimbo uliofuata hakuweza kuupuliza, lakini aliinua tarumbeta mahali pake na kuishikilia hapo tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu yake niliichukua mimi. Sikuipiga kama yeye. Niliipiga.

Nyuma yetu nilisikia lori likifunga breki. Duarte aliteremka na leso.

Bustanini palikuwa na mstari wa chokaa; niliuchora mwenyewe alfajiri. Tukaukanyaga. Simama! Tukasimama mguu sawa, macho mbele, kama tunavyosimama kusubiri matokeo. Denise alikuja mbio, leso mikononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Alimtazama Serafim, akamtazama tena, na Serafim hakupepesa.

"Kiatu," akanong'ona kwa ufizi, pembeni yangu.

"Hakuna kuongea kwenye mstari."

"Nilitazama chini?"

"Hukutazama."

"Nilisimama?"

Mbele yetu Denise alikuwa anangoja, na nyuma yake mji mzima. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya mnara wa bustani, limebeba viti vyake vitupu.

"Hukusimama," nikamwambia. "Hukusimama hata kidogo, Meno."

Nilihisi bega lake likitetemeka. Kisha la Horácio. Kisha Gil akatoa mlio kama birika, na safu ya pili ikaangua, na ya tatu, wazee kumi na wanane wakicheka kwa mguu sawa, mikono imebana kwenye mishono ya suruali, machozi yakishuka mashavuni na hakuna anayeyafuta. Katika kikosi cha Rafaeli haijawahi kutokea. Mwamuzi yeyote wa zamani angetupiga vistari kumi na vinane.

Aandike.