Miaka ya Hyasinta Inakula kwa Mama Yake

Uvumi ulimfikia Mama Oktavia sokoni Njombe akichambua viazi: eti kuna banda la kufungashia parachichi kule Makambako, wafanyakazi hawali mpaka jioni, na hawazeeki. Aliukataa. Ukamfuata mpaka nyumbani, maana binti yake Hyasinta anafanya kazi humo. Akampigia simu.

"Ni kweli, mama. Bosi amefuta ugali wa mchana. Anasema parachichi likikaa kwenye baridi haliivi, na tumbo likipumzika mtu hazeeki."

"Kwani wewe ni parachichi?"

"Mama nawe! Hata mvi zimeondoka."

"Na bosi naye anafunga?"

"Yeye anakula ofisini."

Jumamosi jioni, ukungu umeshuka, mwanamke akapiga hodi. Alikuwa Hyasinta, ila wa miaka hamsini, umri ambao Hyasinta hajaufikia. "Kamwene," akasalimia. Kwao mgeni haulizwi habari kabla hajala, kwa hiyo Oktavia akasonga ugali, akatenga na mboga. Alipomaliza, mgeni akaeleza kwamba yeye ni mwaka wa hamsini wa Hyasinta, uliokosa nafasi mwilini mwake kule Makambako. Akalala jikoni. Baadaye akaja wa sitini, kisha wa sabini na fimbo yake. Wote walikuwa na kovu la panga kwenye kidole gumba, lile lile alilonalo Hyasinta. Wote walikuwa na njaa.

Mumewe Oktavia, Baba Polikarpo, akaongeza benchi. "Hawa wanakula kuliko watu wa harusini," alisema.

Mwishowe akaja Hyasinta mwenyewe, kwa basi. Sare ya kazi ilikuwa inaburuzika chini. Shingo ilikuwa ya msichana wa darasa la saba. Mama yake akamtengea.

"Saa yangu ya kula bado, mama."

Yule wa sabini akamsogezea sahani yake. "Kula, mwanangu, nami nipate pa kurudi."

"Nikila nafukuzwa. Getini wanatunusa midomo."

Akaosha vyombo vya wote, akapanda basi kurudi kazini. Ugali wa mchana haujarejeshwa. Bibi wale wako jikoni mpaka leo.

Kwa hiyo, kina mama wenzangu, epukeni:
– Kuambiwa "funga" na mtu aliyeshiba.
– Kufunga ukiwa na mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za sukari, hujauliza zahanati.
– Kuvumilia kizunguzungu eti tumbo linapumzika.
– Kumsifia mtoto wepesi kabla hujamuuliza amekula nini.
– Kuufungia mlango uzee wa mwanao. Uzee huo ukifukuzwa, hauna kwingine pa kwenda.